Konde, Shamba na Msitu wa Makangale

Makangale imekaa juu kabisa ya kisiwa cha Pemba, upande wa kaskazini-magharibi, pale nchi inapochongoka kuwa rasi ya Kigomasha. Ni shehia ya Wilaya ya Micheweni. Anayetoka mji wa Konde huingia kwanza katika kivuli cha Msitu wa Ngezi, hupita chini ya mivule na mijoho, kisha miti humwachia ghafla na mbele yake hufunguka mihogo, migomba, minazi na mikarafuu, mpaka pwani ya Vumawimbi upande mmoja na Verani upande wa pili. Msitu na kilimo hukutana hapa bila ya kitu kingine katikati. Kwa hiyo Makangale ni mahali pazuri pa kufuatilia jambo ambalo wataalamu wa viumbe wamelishughulikia sana miaka ya karibuni: jinsi ukubwa wa kipande cha ardhi anacholima mtu unavyoamua ni ndege gani, popo gani na mijusi gani watakaobaki kuishi pamoja naye.

Wapemba wana maneno yao ya kupangia ardhi, na maneno hayo yanabeba nusu ya habari. Konde ni kipande cha chakula: muhogo, mtama, kunde, mbaazi, viazi vikuu. Shamba, kwa maana ya zamani ya Visiwani, ni ardhi yenye miti ya kudumu, mikarafuu na minazi kwanza, na miti ya matunda baada yake. Bonde ni la mpunga. Maweni ni nchi ya mawe ya matumbawe, yenye udongo haba uliojificha katika mashimo ya mawe, ambako mkulima hupanda panapopandika na kuacha vichaka vishike pengine pote. Kila neno lina kipimo chake ndani. Konde halizidi nguvu za watu wa nyumba moja wenye majembe ya mkono. Bonde huishia pale kilima kinapoanza. Shamba peke yake ndilo linaloweza kukua bila ya kikomo, maana mkarafuu ukishashika hauhitaji kulimwa kila mwaka, na mwenye mali anaweza kumiliki mikarafuu mingi kuliko atakavyoweza kuitembelea kwa siku moja.

Umbo la Pemba lenyewe lilisaidia kuweka vipande vidogo. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba 988 hivi, na sehemu kubwa yake, hasa magharibi, ni vilima vifupi vilivyokatwa na mabonde mengi membamba. Wageni Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Anayesimama juu ya kilima kimoja huona mikarafuu mgongoni mwa kilima, migomba na majimbi kwenye mteremko, mpunga chini, kisha mteremko mwingine unaopanda. Katika hatua mia tatu amepita aina nne za mimea. Kwa ndege mwenye mabawa mafupi, hatua hizo mia tatu ni nchi nzima yenye chakula cha misimu yote.

Kilimo cha kaskazini ya Pemba kina umri mrefu. Huko Tumbe, upande wa pili wa Micheweni, wanaakiolojia wamechimbua makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, na jirani yake Chwaka, mji uliostawi kuanzia karne ya 11. Mabaki ya nafaka zilizoungua yaliyokusanywa katika sehemu hizo yanaonyesha mageuzi makubwa: watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, na watu wa Chwaka waliokuja baada yao wakageukia mpunga. Makangale nayo ina pango lake, ambalo pia limechimbwa na kutoa mifupa ya wanyama walioliwa na watu wa kale. Uwele na mpunga haviipi ardhi sura moja. Uwele hulimwa juu, katika konde lililofyekwa na kuchomwa, ambalo baada ya miaka michache huachwa lipumzike na kurudi kuwa kichaka. Mpunga humshusha mkulima bondeni, penye maji, na humfanya arudi pale pale kila mwaka, lakini huacha vilima na miti yake. Yote mawili yalikuwa ya vipande vidogo, na yote mawili yaliacha mahali pa viumbe wengine: kichaka kinachoota upya juu, na dimbwi la vyura na nyange chini. Wareno walipofika karne ya 16 walikikuta kisiwa hiki kikiilisha Mombasa, na utawala wa Mazrui wa Mombasa uliendelea kuitegemea Pemba kwa chakula mpaka Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, alipoitwaa mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Hata hivyo, wakulima wa kale hawakukiacha kisiwa kama walivyokikuta. Wanyama wakubwa wa Pemba ni wachache, paa mdogo, tumbili, komba na pelele, na baadhi ya wengine waliletwa na watu. Nguruwe wa porini waliomo Ngezi wanasemekana kuletwa na Wareno. Ngawa aliyeenea kisiwani asili yake ni Asia. Hata mgomba wa mwitu unaoota ndani ya msitu ni mgeni aliyevuka bahari. Kwa hiyo hakuna wakati ambapo Pemba ilikuwa na msitu safi upande mmoja na watu upande mwingine. Viumbe wa kisiwa hiki wamezoea jirani mwenye panga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kinachobadilika ni ukubwa wa pengo ambalo panga hilo linaacha.

Pengo kubwa kupita yote lililetwa na karafuu. Mikarafuu ilianza kupandwa Unguja mapema katika karne ya 19 na ikavuka kuja Pemba chini ya watawala wa Kibusaidi. Kwa muda Pemba ilibaki nyuma. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikiguswa kidogo tu. Bei ilipanda, na macho ya wenye mitaji yakageukia kaskazini. Katika miaka iliyofuata vilima vya Pemba vilivuliwa msitu wake na kuvikwa mikarafuu kwa jasho la watumwa, biashara yao ikiwa inapigwa marufuku baharini huku wakiendelea kuletwa kwa magendo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Tangu wakati huo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu zote za Zanzibar. Msitu mnene wa udongo mzuri ulitoweka karibu wote. Ngezi, takriban hekta 1,440, ulibaki kwa sababu sehemu ya udongo wake ni mchanga mweupe uliochoka, usioufaa mkarafuu, na sehemu nyingine ni kinamasi.

Hapa ndipo historia ya Pemba inapotengana na ile ya Unguja, na tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya viumbe. Unguja mashamba makubwa ya mikarafuu yalikusanyika mikononi mwa wachache. Pemba walikuwapo mamwinyi wenye mikarafuu mingi, lakini wenyeji nao walipanda yao, kumi hapa, hamsini kule, kwenye ardhi ya ukoo, kando ya nyumba na juu ya makonde ya zamani. Umiliki wa mikarafuu ukaenea katika maelfu ya mikono. Shamba la mwinyi na mikarafuu ya mkulima mdogo vilikaa bega kwa bega, mara nyingi bila ya mpaka ambao mgeni angeutambua, ingawa kila mwenyeji aliujua mti wa mwisho wa babu yake.

Shamba kuukuu la mikarafuu lililomilikiwa hivyo linafaa litazamwe kwa karibu. Mkarafuu mzee hufika mita 12 au 15, kilele chake kimechongoka, majani yake mazito hayapukutiki yote kwa pamoja, na kivuli chake hakikatiki mwaka mzima. Juu yake hutokeza minazi. Kati yake mwenye shamba hakupanda mikarafuu tu. Kuna mwembe ulioachwa kwa ajili ya watoto, mfenesi, mshelisheli, mzambarau, mshokishoki na pengine mduriani, na kila mmoja unazaa kwa msimu wake. Katika ngazi ya chini kuna migomba na mihogo. Chini zaidi, mananasi, majimbi penye umaji, na zulia la majani makavu yanayonukia karafuu hata yakiwa yameoza. Shina la mkarafuu uliokufa haling'olewi haraka. Hubaki limesimama, likitobolewa na wadudu na kufanywa tundu na ndege. Kwenye majani ya mgomba na makuti ya mnazi hujianika mjusi wa kijani kibichi ambaye hapatikani kwa asili popote ulimwenguni isipokuwa Pemba. Wataalamu humwita Phelsuma parkeri. Kwa mtoto wa Makangale ni mjusi wa mgombani tu.

Si mjusi huyo peke yake. Pemba ina aina nne za ndege wake wenyewe: bundi mdogo, ninga, chozi, na kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Chozi alielezwa kitaalamu mwaka 1905. Ndege wa duara jeupe alielezwa mwaka 1924 na kupewa jina la J. H. Vaughan, aliyeandika habari za ndege wa Unguja na Pemba. Bundi na ninga walielezwa na R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni, bundi mwaka 1937 na ninga mwaka 1940. Tarehe hizo zina maana kuliko zinavyoonekana. Mwaka 1937 msitu wa asili wa Pemba ulikuwa umekwisha fyekwa kwa zaidi ya vizazi viwili, na bado ndege waliokuwa wakiishi kisiwani pekee walikuwapo wote, wakilia usiku na mchana. Walinusurika kwa sababu waliweza kuishi ndani ya shamba. Chozi na yule wa manjano hupatikana hata kwenye mti wa uani. Ninga hufuata matunda popote yalipo. Bundi ndiye mchaguzi: anataka miti mirefu, ama Ngezi, ama kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyozeeka na kufunga vilele. Angekuwa amekutana na eka elfu za mikarafuu michanga iliyopaliliwa mpaka udongo ukabaki mtupu, asingefika karne ya 20.

Palizi nayo ina historia yake. Baada ya 1897 wenye mashamba walikosa watu wa kulazimisha. Mapatano yaliyozoeleka yakawa kwamba asiye na ardhi huishi shambani, hulima muhogo na kunde chini ya mikarafuu, na kwa kufanya hivyo huisafisha mikarafuu ya mwenye shamba. Lakini hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, maana kwa mila ya Visiwani mti ni mali ya aliyeupanda, na mwenye mti hana mbali kudai ardhi. Matokeo yake yalikuwa shamba kubwa lililogawanyika ndani yake kwa vijikonde vingi, kila kimoja kikiwa katika hali tofauti: hiki kimepaliliwa jana, kile kimeachwa tangu masika, cha tatu kimeshikwa na vichaka. Kwenye daftari lilikuwa shamba moja. Kwa ndege na wadudu yalikuwa makonde ishirini.

Mirathi iliendeleza kazi hiyo. Sheria ya Kiislamu humpa kila mrithi fungu lake, na kwa kuwa mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, marehemu mwenye mikarafuu 40 aliweza kuacha warithi saba ambao kila mmoja anaijua miti yake lakini hakuna anayeweza kuchora mstari chini. Wengine waliepuka mgawanyiko kwa kuliweka shamba wakfu wa ukoo. Maofisa wa kikoloni walilalamika sana juu ya hali hii, kwa kuwa mikarafuu ya wengi haina wa kuing'oa ikizeeka wala wa kuipanda upya. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli kwa upande wa uchumi. Lakini mti wa warithi saba ni mti usiokatwa, kwa sababu hakuna anayethubutu kuugusa bila ya wenzake sita, na miti ya namna hiyo ndiyo iliyowapa bundi na popo mahali pa kukaa.

Mapinduzi ya 1964 yaliigusa ardhi moja kwa moja. Machi ya mwaka huo serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na mwaka 1965 ikaanza kugawa mashamba yaliyotaifishwa kwa wasio na ardhi, eka tatu kwa kila familia. Familia zaidi ya 20,000 zilipata. Jambo ambalo halikuwa katika hesabu za wagawaji linaweza kupimwa kwa kamba. Eka tatu za mraba zina ubavu wa mita 110 hivi. Shamba la mraba la eka 108 lina mzunguko wa kilomita 2.6. Likikatwa viwanja 36 vya eka tatu tatu, jumla ya mistari ya mipaka inapita kilomita 9. Kila mpaka ni mahali ambapo jembe husimama: hupandwa mnazi au mbono, huachwa kichaka, hubaki njia ya miguu yenye majani pande mbili. Ukanda wa mita moja tu juu ya mipaka ile mipya ya ndani hufikia zaidi ya nusu hekta ya ardhi isiyolimwa, tena iliyotandazwa kama wavu katika shamba zima, ili mdudu na ndege asiwe mbali nayo popote alipo.

Kwa upande wa pili, waliopewa eka tatu walikuwa na njaa ya chakula kuliko ya karafuu. Mkulima mwenye eka tatu na watoto wanane hawezi kungoja vuno la karafuu linalokuja kwa wingi mwaka mmoja na kukosekana miwili. Bei ya dunia ilipoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kuanza kujitosheleza, mikarafuu mingi iliachwa ife au ikageuzwa kuni. Muhogo ukachukua nafasi. Kipande kilibaki kidogo kama awali, ila ngazi zake zilipungua: kilele kiliondoka, kivuli kikaondoka, na pamoja navyo wale viumbe wa juu. Udogo wa shamba peke yake haukutosha kuwaweka.

Msitu wa Ngezi ulifuata njia nyingine. Ulivunwa mbao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kisha katika miaka ya 1950 ukawekwa chini ya hifadhi ya serikali. Mwaka 1974 walihamishiwa humo kima punju wachache kutoka Unguja, na kizazi chao kidogo kingalipo. Ndani ya Ngezi umo pia mpapindi, mti wa jamii ya mitende ulio wa Pemba tu. Kandokando ya msitu huo, katika ardhi hiyo hiyo ya Makangale, lilianzishwa shamba la serikali la mipira. Haipo njia rahisi zaidi ya kuona suala hili kwa macho kuliko kutembea kutoka Ngezi, kuingia mipirani, kisha kutokea kwenye makonde ya wanakijiji. Mipirani miti ni mirefu, kivuli kipo, lakini miti yote ina umri mmoja, imepangwa safu moja moja, kila shina na alama zake za kisu na kikombe chake cha utomvu, na chini hakuna tunda linaloliwa na ndege. Mlio wa ndege hupungua mtu akiingia. Hurudi anapofika kwenye mihogo yenye magugu, mwembe mmoja na mpaka wa minazi. Mipira ina miti mingi kuliko makonde. Makonde yana namna nyingi za kuishi kuliko mipira.

Popo wa Pemba ndiye anayeieleza habari hii vizuri kuliko kiumbe mwingine yeyote. Ni popo mkubwa mwenye manyoya mekundu-kahawia, mla matunda, aliyepewa jina la Mjerumani Alfred Voeltzkow na asiyepatikana mahali pengine duniani. Mchana hujitundika kwa mamia juu ya miti mirefu. Magharibi huachana na kuelekea kila mmoja kwenye mashelisheli, maembe, makungu na mazambarau ya watu. Kwa hiyo maisha yake yanahitaji ukubwa wa aina mbili kwa wakati mmoja: kichaka kikubwa cha kulala kisichoguswa, na maelfu ya vipande vidogo vyenye miti ya matunda iliyochanganyika. Hitaji la pili lilitimizwa na wakulima wadogo bila ya kukusudia. La kwanza lilitimizwa na Ngezi, na mahali pengine na misitu ya makaburi, ambayo Wapemba hawaikati kwa kuwaheshimu waliolala humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 popo hao walikadiriwa kuwa elfu chache tu, kwa sababu ya kukatwa miti na kuwindwa kwa ajili ya nyama. Ilianza kazi ya kuelimisha na kuunda vikundi vya vijiji vya kulinda maskani ya popo, kama kile cha Kidike, na kufikia mwisho wa miaka ya 2000 idadi ilikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Mashamba ya kuwalisha yalikuwapo muda wote. Walichokuwa wamekosa ni usalama mahali pa kulala.

Utafiti wa nchi za mbali umefika kwenye mambo ambayo Pemba imeyaishi. Huko Kanada ya mashariki, mwanaikolojia Lenore Fahrig na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyoonyesha kwamba mashamba madogo yana aina nyingi zaidi za ndege, vipepeo, nyuki, mimea na buibui, na kwamba udogo wa mashamba ulihesabika kuliko wingi wa aina za mazao. Utafiti wa mwaka 2019 katika maeneo 435 ya Ulaya na Kanada ulikuta kwamba kupunguza ukubwa wa wastani wa mashamba kutoka hekta 5 hadi 2.8 kulileta faida sawa na kuongeza ardhi ya asili kutoka asilimia 0.5 hadi 11. Nchini Ujerumani, ambako mashamba ya upande wa mashariki yaliunganishwa kuwa ya ushirika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uchunguzi wa mwaka 2017 kwenye mpaka wa zamani ulikuta mashamba ya mashariki yangali makubwa zaidi ya mara sita kuliko ya magharibi, na viumbe wachache zaidi ndani yake. Tofauti na Pemba ni ya kipimo: shamba linaloitwa dogo Ujerumani lingemeza viwanja kadhaa vya eka tatu.

Kwa sababu hiyo hesabu za Ulaya haziwezi kuhamishiwa Makangale zilivyo. Huko Ulaya, ukingo ndio uliokuwa umepotea, na kuupunguza uwanja kulirudisha ukingo. Pemba ukingo upo kila mahali. Kilichokuwa kikikamilisha kazi yake kilikuwa muda, yaani miaka ambayo konde lilipumzika, na miaka ambayo mti uliachwa uzeeke. Muda huo ndio unaopungua. Sensa ya 1958 iliikuta Pemba na watu 133,858. Ile ya 2022 iliwakuta 543,441. Ardhi yote ya kisiwa ikigawanywa kichwa kwa kichwa, fungu la mtu mmoja limeshuka kutoka robo tatu ya hekta hadi chini ya sehemu moja ya tano. Konde lililopumzishwa miaka mingi kwenye maweni sasa hurudiwa baada ya muda mfupi, kichaka kikiwa bado cha fito. Fito hukatwa kwa kujengea, zilizobaki huwa kuni au huchomea chokaa. Wa kwanza kuondoka huwa paa, anayehitaji kichaka kilichofunga, kisha ndege wa vichaka. Wanaobaki ni wale wasiohitaji muda: kunguru na panya.

Katika ukingo wa Ngezi, ujirani nao una gharama, na wanaoilipa ni wenye makonde ya mwisho. Tumbili hushuka alfajiri kwenye mahindi. Nguruwe hufukua muhogo usiku, na nyumba zilizo karibu na msitu hulazimika kuweka walinzi wakati wa mavuno au kuacha kupanda mazao yanayopendwa na wanyama. Konde dogo likiingiliwa na nguruwe usiku mmoja, hasara si sehemu ya mavuno bali ni mavuno yenyewe. Ndiyo maana mipango ya usimamizi wa misitu kwa mikataba na jamii, iliyoenezwa katika shehia nyingi za Unguja na Pemba hasa wakati wa mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) kati ya 2010 na 2014, ililazimika kuzungumzia kuni, fito na chakula cha watu kabla ya kuzungumzia paa.

Karafuu yenyewe imerudi kuthaminiwa. Mwaka 2011 bei anayolipwa mkulima ilipandishwa sana, na miche ya mikarafuu imekuwa ikigawiwa ili kuziba mapengo ya miti iliyokufa. Mingi hupandwa katika vipande vya eka moja au chini ya hapo, pamoja na migomba na mihogo ya kuikinga na jua la mwanzo. Mche huo utaanza kuchumwa baada ya miaka sita hadi minane. Kilele chake kitakutana na cha jirani baada ya miaka ishirini na zaidi. Bundi wa jamii ya yule wa Pemba hutaga katika matundu ya miti, na tundu katika shina la mkarafuu huja baada ya tawi kukatika na moyo wa mti kuoza, wakati ambapo shamba litakuwa limekwisha kurithiwa angalau mara moja.